Koleo Ngapi, Wagonjwa Wangapi?

Mtu aliyeumwa jino usiku kucha hafiki kwa mganga wa meno akiwa na maswali. Hufika na shavu lililovimba, hukaa kitini, hufumba macho na kufungua kinywa. Kwa hiyo kazi ya kuuliza koleo hii ilikuwa kinywani mwa nani kabla yake haiwezi kuachiwa yeye. Ni kazi ya mwenye zahanati, ya mkaguzi wa Serikali, na yetu sisi tunaojigamba kuwa twasema kwa niaba ya wafanyakazi.

Wasomaji wetu na wakumbuke yaliyotokea Tulsa, mji wa jimbo la Oklahoma huko Marekani, mwaka 2013. Mgonjwa mmoja aligunduliwa ana homa ya ini aina C, wala haikuonekana njia nyingine ya wazi ya kuipata isipokuwa matibabu ya meno. Wakaguzi walipoingia katika ofisi aliyotibiwa, walikuta vyombo vyenye kutu, dawa iliyokwisha muda wake tangu mwaka 1993, na wasaidizi wakifanya kazi ambazo sheria ya jimbo haikuwaruhusu kuzifanya. Mashine ya mvuke ya kutakasia vyombo ilipaswa kupimwa kila mwezi. Katika miaka 6 ambayo msaidizi mmoja alifanya kazi pale, haikupimwa hata mara moja. Watu wapatao 7,000 wakaitwa wakapimwe damu. Septemba ya mwaka ule wataalamu wakathibitisha kwamba virusi vya homa ya ini C vilitoka kwa mgonjwa mmoja vikaingia kwa mwingine ndani ya ofisi ile.

Hiyo ni nchi tajiri, na mganga yule alikuwa na leseni yake. Umaskini haukuwa kisingizio.

Lakini liko jambo moja katika habari ile linalostahili kutazamwa zaidi ya mengine. Wagonjwa waliojulikana kuwa na maradhi ya kuambukiza walitengewa seti yao ya vyombo, na vyombo hivyo vililowekwa pia katika dawa ya klorini, ile ambayo majumbani mwetu huitwa jiki. Klorini hula chuma. Chuma kikishika kutu huwa na vishimo, na chombo cha namna hiyo hakiwezi tena kutakaswa ipasavyo. Basi hapo palipodhaniwa kuwa na uangalifu mkubwa ndipo palipoharibika zaidi. Kosa lilianzia katika fikra, yaani kudhani kwamba mwenye maradhi hujulikana kwa kumtazama au kwa kumwuliza. Wengi wenye homa ya ini hawajui kuwa wanayo. Kanuni ya uganga ni kuhesabu damu na mate ya kila mtu, awe waziri au mchukuzi wa bandarini, kuwa yaweza kuambukiza.

Wako wasemao kwamba vyombo vikichemshwa sufuriani vyatosha. Havitoshi. Vipo vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili maji yachemkayo, na huko Njombe na Mbeya maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Mashine ya mvuke wenye shinikizo hufika nyuzi 121 na kukaa hapo kwa muda usiopungua dakika 15, na nyingine hufika 134 kwa muda mfupi zaidi. Wala taa ya mashine kuwaka si ushahidi. Ushahidi ni kutia ndani mbegu za kijidudu kigumu kisichodhuru watu, kisha kuangalia kama zimekufa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2003 ulitaka kipimo hicho kifanywe walau kila wiki.

Sasa tufanye hesabu ya shule ya msingi. Chukueni zahanati yenye seti 5 za vyombo. Kusugua, kusuuza, kukausha, kufunga, kutia mvukeni na kupoza huchukua kama saa nzima. Tangu saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri ni saa 7, yaani seti 35, kama umeme haukukatika na hakuna aliyekwenda kula. Ikiwa daftari la mapokezi linaonyesha wagonjwa 60, wale 25 waliobaki walitibiwa kwa vyombo gani? Mganga aweza kunawa mikono mbele ya mgonjwa mpaka ikang'aa (Pilato naye alinawa mbele ya umati), lakini hesabu hiyo haitabadilika.

Na yaelekea lawama zitamwangukia yule wa mwisho, msaidizi au mfagizi aoshaye vyombo. Tunakataa. Mtu huyo ndiye achomwaye na sindano iliyosahauliwa kwenye sinia. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B humwambukiza asiyechanjwa kwa kiasi cha mara 6 hadi 30 katika kila 100. Kwa virusi vya Ukimwi ni kama mara 3 katika kila 1,000. Chanjo ya homa ya ini B ipo. Tanzania iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002, maana yake ni kwamba wafanyakazi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwajiri ampaye mfagizi glovu moja ya kutumia wiki nzima ameivunja, hata kama ukutani ametundika cheti chenye fremu.

Twawaomba wakaguzi wafike bila kutoa taarifa, na kabla ya kutazama sakafu na mapazia waulize mambo matatu: daftari la vipimo vya mashine, idadi ya seti za vyombo, na idadi ya wagonjwa wa jana. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi nao waulize ni nani kati ya wasaidizi na wafagizi aliyekwisha kupata sindano zote 3 za chanjo, na ni nani atakayelipia za wale ambao bado.