Waliobeba mizigo

Katika Yoshua sura ya 4 Waisraeli wanavuka Yordani, na mawe 12 yanatolewa mtoni ili siku moja watoto waulize maana yake. Hayo tunayahubiri sana. Lakini mstari wa 9 tunaupita haraka: Yoshua alisimamisha mawe mengine 12 katikati ya mto, pale makuhani waliposimama. Maji yakarudi, yakayafunika.

Nayakumbuka mawe hayo ya chini ya maji kila ninapofikiria Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa pale kuanzia Februari hadi Agosti, akisubiri wapagazi ambao Stanley alimtumia kutoka pwani. Tembe lake limehifadhiwa, leo ni makumbusho. Ni vema.

Mwaka uliofuata watu wake walifika tena Unyanyembe, safari hii wamebeba maiti yake. Alikuwa amefia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Ofisa Mwingereza waliyemkuta hapa, Cameron, aliwashauri wamzike huku huku. Akina Susi na Chuma wakakataa. Walitembea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London, kwa heshima zote. Susi na Chuma hawakuwepo.

Na hao angalau majina yao tunayo. Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani, na watumwa waliopitishwa njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa, wengi walianguka njiani na hakuna jiwe lililowekwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi ikafifia. Njia ikalimwa mahindi, ikajengwa nyumba. Pengine wewe hupita juu yake ukienda ibadani.

Sisi wa kanisa tuna kosa letu hapa. Tunaadhimisha jubilei, tunatundika ukutani picha za wamisionari, tunasoma majina yao na miaka waliyofika. Nani aliwabebea masanduku? Nani aliwapikia, akawafundisha Kinyamwezi? (Hata kengele ya kanisa haikuja yenyewe.)

Leo baada ya ibada, usikimbilie nyumbani. Mtafute bibi au babu mmoja hapo usharikani, umsalimu vizuri, umwulize wazee wake walibeba nini, wakipita wapi, na nani hakurudi. Nenda na daftari.