Mabingwa wa michezo ya video: Huzaliwa au huundwa?

KIJANA wa wadi ya Mboghoni, eneobunge la Taveta, anapowashinda wenzake wote katika mchezo wa video, mashabiki humsifu kwa neno moja tu: kipaji. Siku atakayosafiri hadi Mombasa au Nairobi na kubanduliwa katika raundi ya kwanza, mashabiki hao hao watasema kipaji chenyewe hakikuwapo.

Kauli hizo mbili zina kasoro moja. Hakuna inayouliza kijana huyo amekuwa akicheza na nani, amefanya mazoezi ya namna gani, na ni nani aliyemwonyesha kosa lake aliposhindwa.

Mjadala wa iwapo bingwa huzaliwa au huundwa ni mkongwe. Wanaoshikilia kwamba huzaliwa husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wanaoshikilia kwamba huundwa hujibu kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata hivyo, katika michezo ya video ya ushindani, mjadala huo sasa una uzito wa fedha, elimu na mustakabali wa vijana.

Mnamo Septemba 2023, michezo hiyo ilishindaniwa kwa medali rasmi katika Michezo ya Bara Asia mjini Hangzhou, Uchina. Mwaka uliofuata, Kombe la Dunia la michezo hiyo mjini Riyadh, Saudi Arabia, lilitengewa zawadi za dola milioni 60 za Marekani.

Humu nchini nako, neno kipaji limeingia katika sera za umma. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 chini ya mtaala mpya walijiunga na sekondari ya juu Januari 2026, na mmojawapo wa mikondo mitatu waliyowekewa ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo.

Iwapo kipaji ndicho kila kitu, kazi ya serikali na kaunti ni kusaka tu: kuandaa mashindano ya siku moja, kuwateua wachache waliong'ara na kuwarudisha wengine makwao. Lakini iwapo mazoezi ndiyo yanayomjenga bingwa, msako wa aina hiyo huwa sawa na kwenda kuvuna mahali ambapo hapakupandwa.

Saa 10,000

Wanaotetea mazoezi hutegemea sana utafiti uliochapishwa mwaka wa 1993 na mwanasaikolojia Msweden, K. Anders Ericsson, pamoja na wenzake. Waliwachunguza wanafunzi wa fidla katika chuo kimoja cha muziki mjini Berlin, Ujerumani.

Ilibainika kuwa kufikia umri wa miaka 18, wanafunzi bora kabisa walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa zaidi ya saa 7,400. Wale wa kundi la pili walikuwa na takriban saa 5,300, na waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki takriban saa 3,400.

Matokeo hayo yalivuma zaidi mwaka wa 2008, mwandishi Malcolm Gladwell alipoyatumia katika kitabu chake kueneza dhana ya saa 10,000 za kumfikisha mtu kwenye umahiri. Ericsson mwenyewe alilalamika baadaye kwamba alifasiriwa visivyo. Hoja yake haikuwa wingi wa saa, bali aina ya mazoezi: yanayolenga udhaifu mahususi, yenye ugumu unaopanda hatua kwa hatua, na yenye mtu wa kusahihisha.

Tofauti hiyo ni muhimu mno kwa mchezaji wa video. Anayecheza saa sita kila siku dhidi ya wenzake anaowashinda kwa urahisi anajifurahisha. Anayetumia saa moja kurudia pigo lile lile linalomshinda, kisha akatazama rekodi ya mechi alizopoteza ili ajue alipoteleza, huyo ndiye anayefanya mazoezi.

Kwa upande mwingine, wanaotetea kipaji nao wana ushahidi usiopuuzika. Watafiti Fernand Gobet na Guillermo Campitelli walichunguza wachezaji 104 wa sataranji nchini Argentina na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2007. Waliofikia kiwango cha umahiri walihitaji wastani wa takriban saa 11,000, lakini mwepesi kuliko wote alitumia saa 3,016, na mzito kuliko wote saa 23,608.

Wote hao walisoma mchezo mmoja wenye sheria zile zile. Mmoja alitumia karibu mara nane ya muda wa mwenzake kufika pahala pamoja. Mazoezi pekee hayawezi kueleza pengo kubwa kiasi hicho.

Mwaka wa 2014, Brooke Macnamara na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za aina hiyo. Waliona kwamba katika michezo ya bodi na mingineyo ya akili, mazoezi yalieleza asilimia 26 ya tofauti za uwezo baina ya wachezaji. Katika spoti yalieleza asilimia 18. Hicho ni kiasi kikubwa, lakini si chote.

La kuvutia zaidi lilijitokeza mwaka wa 2016, mtafiti huyo na wenzake walipoangazia wanaspoti wa viwango vya juu kabisa. Miongoni mwa hao, mazoezi yalieleza takriban asilimia moja pekee ya tofauti zao.

Si kwamba magwiji hao hawajifui. La hasha. Wote wamejifua mno, hivyo mazoezi hayawezi tena kumtenganisha mmoja na mwingine. Hapo ndipo maumbile, umri na bahati vinapoanza kuamua.

Kuhusu umri, watafiti wa Canada walichapisha mwaka wa 2014 uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa mchezo wa StarCraft II waliokuwa na umri wa kati ya miaka 16 na 44. Walibaini kuwa wepesi wa kuitikia tukio huanza kupungua karibu na umri wa miaka 24, ijapokuwa wachezaji wakubwa hufidia kwa mbinu rahisi zisizowapotezea muda.

Hata hilo si hukumu ya mwisho. Mkorea Kim Gwan-woo alitwaa dhahabu ya Street Fighter V kule Hangzhou akiwa na umri wa miaka 44.

Kwa muhtasari, mazoezi ndiyo yanayomwingiza mchezaji ukumbini. Kipaji ndicho kinachoamua ataketi kiti cha mbele au cha nyuma. Anayebaki nje ya mlango hawezi kujulikana kipaji chake ni cha kiasi gani.

Funzo la Lahore

Ushahidi bora wa hoja hiyo ulitoka Pakistan. Mnamo Februari 2019, kijana wa Lahore, Arslan Siddique, maarufu kama Arslan Ash, alishinda mashindano ya Evo ya Japan mjini Fukuoka katika mchezo wa Tekken 7. Agosti mwaka huo alishinda Evo ya Las Vegas, Marekani, akimlaza fainali Bae Jae-min wa Korea Kusini, anayejulikana kama Knee.

Ulimwengu ulistaajabu. Korea Kusini na Japan ndizo zilizokuwa ngome za mchezo huo, na Pakistan haikuhesabiwa. Wengi walimwona Arslan kama kipaji cha ajabu kilichoanguka kutoka mbinguni.

Mwenyewe alikana. Alieleza kwamba nyumbani kwao wamo wengine wengi wakali, na muda ukamthibitisha: Februari 2023, Mpakistani mwingine, Atif Ijaz, alitwaa taji la fainali za dunia za Tekken mjini Amsterdam, Uholanzi. Siri yao ilikuwa kumbi za mashine za michezo, ambako vijana walikutana ana kwa ana na kunolewa na wapinzani wakali zaidi yao kwa miaka mingi.

Hapa Afrika Mashariki mambo si tofauti. Mtaani Katwe, Kampala, Robert Katende alianza kwa kuwafunza sataranji watoto waliovutiwa na uji, na katika kundi hilo akatokea Phiona Mutesi, aliyeiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia. Darasa lilitangulia, nyota akafuata.

Julius Yego naye husifiwa kwa kujifunza kurusha mkuki kwa kutazama video mtandaoni. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya kutwaa ubingwa wa dunia jijini Beijing mwaka wa 2015 kwa mtupo wa mita 92.72, alikuwa amepata nafasi ya kufunzwa na kocha katika kituo cha Kuortane, Finland.

Katika Tekken yenyewe, Kenya imemtoa Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, ambaye mwaka wa 2018 alisajiliwa na timu ya XiT Woundz ya Marekani.

Waswahili wa pwani wamelijua jambo hili tangu jadi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na fundi wake huhesabu mizunguko ya kete kichwani kabla ya kugusa shimo. Ufundi huo hukuzwa barazani, penye wapinzani wa kila siku na watazamaji wasiosita kumkosoa anayecheza vibaya.

Utafiti wa sataranji unaafiki: Campitelli na Gobet walieleza mwaka wa 2008 kwamba mazoezi pamoja na wengine yalihusiana zaidi na kufikia viwango vya juu kuliko mazoezi ya peke yake.

Umbali wa Mboghoni

Ni kwa mizani hiyo ambapo hali ya chipukizi wa Mboghoni inafaa kupimwa. Wadi hiyo imo mpakani mwa Kenya na Tanzania. Mji wa Taveta uko takriban kilomita 110 kutoka Voi, na Mombasa iko mbali zaidi. Nauli, malazi na siku za masomo au kazi zinazopotea ni gharama ambayo kijana wa jijini haijui.

Kucheza kupitia mtandao kungeziba pengo hilo, lakini kuna kizingiti cha maumbile. Mawimbi husafiri ndani ya kebo za mtandao kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Iwapo seva ya mchezo iko mwendo wa kilomita 10,000 za kebo, kwenda na kurudi huchukua angalau sehemu ya kumi ya sekunde.

Huenda hilo likaonekana dogo. Lakini michezo ya mapigano huonyesha picha 60 kila sekunde, hivyo mchezaji huyo huwa nyuma kwa picha sita kabla hajagusa kitufe. Hakuna kipaji kinachofuta umbali huo.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Ni kweli, lakini anayecheza kwao pekee hapimwi. Akitoka, hushindwa na watu ambao huenda hawamzidi kwa maumbile, ila wamenolewa zaidi.

Kwa hivyo, kaunti inayotaka kukuza vijana wa fani hii haina budi kuanza na ukumbi kabla ya kombe: mashine chache katika vituo vya vijana vya Taveta na Voi, mtandao wa kutegemewa, ligi ya kila wiki badala ya tamasha la kila mwaka, na mkufunzi anayejua kusahihisha. Ukumbi wa aina hiyo utafaa hata wasiofika popote katika michezo, kwani tarakilishi iyo hiyo hufunza uandishi wa programu na usanifu wa picha.

Aidha, ukweli usemwe kwa wazazi. Wanaoishi kwa michezo hii duniani ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022. Mtoto anayeacha masomo, usingizi na chakula kwa ajili ya mchezo hafanyi mazoezi, anahitaji msaada.

Lakini mzazi anayeona mwanawe akikubali kushindwa, akichunguza kosa lake na kurudi kesho akiwa bora, ameona jambo la thamani kuliko kile kinachoitwa kipaji. Tabia hiyo itamfaa darasani, shambani na kazini. Iwapo kuna bingwa wa dunia Mboghoni, hatajulikana kwa kusakwa siku moja. Atajulikana atakapopewa mahali pa kushindwa mara nyingi, karibu na nyumbani.