Kandambili Zilizogeuka Jahazi



Hakuna nyumba isiyo na ndala zilizokatika. Kwanza tunazifunga kwa waya, tunazivaa wiki mbili zaidi, zinakatika tena. Hapo mtoto anatumwa: "Nenda kazitupe huko." Huko ni wapi? Mara nyingi hatuulizi. Mwezi huu tuulize, maana wako wanawake wenzetu waliolijibu swali hilo kwa mikono yao.

Tunawazungumzia akina mama wa Kiwayu, kisiwa kilichoko kaskazini mashariki ya Lamu, nchini Kenya. Katika pwani hiyo ndala huletwa na maji kwa wingi wa kushangaza. Nyingine zimevuka bahari kutoka nchi za mbali. Nyingine ni zetu wenyewe: mvua ilizisukuma mtaroni, mtaro ukazifikisha mtoni, na mto ukazitia baharini. Ndala haizami wala haiozi upesi. Huelea mpaka itupwe ufukweni.

Ufukwe huo si mahali patupu. Usiku kasa hupanda kutoka baharini, huchimba shimo mchangani na kutaga mayai. Akikuta malundo ya takataka, hupata shida kufika penye mchanga mzuri. Watoto wake wakianguliwa, wanayo safari ya kwenda majini, na takataka hizo huwafungia njia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa hifadhi ya bahari, Julie Church, aliwaona watoto wa huko wakijitengenezea vichezeo kwa ndala zilizookotwa ufukweni. Watoto waliona kitu ambacho watu wazima walikuwa wakikiruka tu. Aliwatia moyo mama zao waziokote, wazioshe na kuzikata, wafanye vitu vya kuuza. Kazi hiyo ikakua, ikafika Nairobi, na leo inajulikana kwa jina la Ocean Sole. Ndala huoshwa, hukaushwa na kugandishwa kwa gundi mpaka ziwe bonge moja. Kisha fundi huchonga kwa kisu na kusugua, na bonge hilo hugeuka twiga, tembo au kasa.

Twiga huyo ana mistari myekundu, ya buluu na ya manjano, wala hakupakwa rangi yoyote. Anayemshika huuliza, "Mbona yuko hivi?" Akijibiwa kwamba ni ndala zilizookotwa, hutazama miguuni pake mwenyewe. Mtu aliyeuliza mwenyewe hulisahau jibu kwa shida. Sisi tukimpigia mtoto kelele kila siku, "Usitupe ovyo!", huzizoea kelele zetu kama anavyozoea mlio wa jogoo.

Huko huko Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walifanya jambo kubwa zaidi. Plastiki iliyookotwa iliyeyushwa ikafanywa mbao, na kwa mbao hizo wakaunda mkuku na mataruma, yaani uti wa mgongo wa chombo na mbavu zake. Ubavuni wakakivika vipande vya kandambili za kila rangi. Kazi hiyo ilitumia tani 10 hivi za plastiki na kandambili 30,000. Jahazi hilo, Flipflopi, lilishushwa majini mwaka 2018. Mwaka 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar, likitua njiani ili watu waone na kufundishwa, na mwaka 2021 likaenda Ziwa Viktoria. Watu walikuja pwani kuangalia chombo cha ajabu, wakarudi nyumbani wakiwaza mifuko na chupa zao.

Lakini tusijidanganye. Vinyago na jahazi moja haviwezi kuimaliza plastiki iliyomo baharini. Ukikuta maji yamejaa sakafuni na bomba liko wazi, utaanza kudeki au utafunga bomba? Serikali zilijaribu kulifunga kidogo: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Bomba jingine liko majumbani mwetu, na mkono ulio karibu nalo ni wetu.

Tena wengi wetu tuna kosa ambalo hatulihesabu kuwa kosa: kuwashia moto kwa kipande cha plastiki, au kuchoma takataka zote pamoja uani. Moshi ule una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto aliye mgongoni.

Basi tujaribu jambo hili mwezi huu. Kwa wiki moja, kila plastiki inayotaka kutupwa nyumbani isitupwe. Watoto waioshe na kuikausha, waitoboe, waitunge kwenye kamba na kuifunga uani kutoka mti hadi mti. Kukata kwa kisu tufanye sisi wenyewe, na vifuniko vidogo tuviweke mbali na mtoto mchanga asije akavimeza. Siku ya saba tuipime kamba hiyo kwa hatua. Baba akirudi akauliza, "Hii nayo ni nini?", tunyamaze. Mtoto ndiye ajibu: "Ni vitu tulivyotupa wiki hii, baba."

Baada ya hapo hatutahitaji hotuba ndefu. Kikapu kitarudi sokoni, chupa itatumika tena, na ndala itashonwa mara moja zaidi kabla ya kuachwa. Na siku itakapokuwa haifai kabisa, tutajua kwamba hakuna mahali paitwapo "huko". Kuna mtaro, kuna mto, kuna ufukwe, na kuna mama mwingine anayeinama kuiokota.

Tukutane mwezi ujao.