Ulezi wa Ufipa na Ghala la Ziwani

Wasomaji wetu wengi wa Visiwani hawajapata kufika Sumbawanga, na wengi wao hawana haja ya kuingia kilabu cha pombe, iwe huko au kwingineko. Hata hivyo tunawaomba watuvumilie leo, maana jambo tunalotaka kulieleza halimhusu mnywaji peke yake. Linamhusu mkulima wa ulezi, mama anayeupika, ofisa anayetoa leseni, na kila mwenye dhamana ya jengo la umma linalotazama maji.

Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mwezi wa Juni baridi yake humfanya mtu wa pwani atafute koti asubuhi na blanketi usiku. Ni nchi ya nafaka. Miaka mingi mkoa wa Rukwa umehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa inayoilisha nchi kwa mahindi. Lakini kabla ya mahindi kutawala palikuwapo ulezi, na Wafipa wana ufundi wao wa kuulima ambao wataalamu wameusifu: majani hufukiwa ndani ya matuta ya mviringo, hupandwa maharage au mahindi, na mwaka wa pili matuta hayo hubomolewa, udongo uliorutubika ukatandazwa na ulezi ukapandwa juu yake. Ulezi huo huliwa ugali, hunywewa uji, na sehemu kubwa huwa pombe.

Tulikaribishwa katika kilabu kimoja pembezoni mwa mji. Sisi tulipewa chai, na wenyeji hawakuona ajabu. Walikwisha kutuuliza dini yetu kabla ya kutuuliza majina. Palikuwa na madawati, bati lililotoboka, na wanawake wanaouza kwa zamu, leo huyu, kesho yule, ili kila mwenye chungu apate siku yake. Utaratibu huo haukuandikwa popote, lakini unaheshimiwa kuliko baadhi ya miongozo tunayoijua sisi iliyopigwa mihuri mitatu.

Tulimwomba mama mmoja mwenye umri atueleze kazi yake, naye alitueleza kama mwalimu. Ulezi hulowekwa, hufunikwa mahali penye joto mpaka uchipue, kisha huanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga mwingine hupikwa uji mzito, huachwa upoe, kisha kimea hutiwa ndani yake. Utamu wa mwanzo ni togwa, ambayo hata mtoto hupewa. Siku zinazofuata uchachu huingia, na hapo ndipo inapokuwa pombe. Iko pia kimpumu, ambayo haichujwi: unga uliokwisha chachuka huwekwa chomboni, humiminiwa maji ya moto, na wanywaji huvuta kwa mirija, maji yakipungua huongezwa mengine mpaka ladha iishe. Ukiondoa mashine, vipimo vya joto na maabara, kazi ya mama huyu na kazi ya kiwanda cha bia ni kazi moja. Kiwanda huchipusha shayiri, yeye huchipusha ulezi. Kiwanda kina mhandisi, yeye ana pua na kidole.

Kutoka Sumbawanga barabara inapita Matai na kuteremka mpaka bandari ya Kasanga, mwendo wa kilomita 112, na ziwa hapo liko mita elfu moja chini ya mahali ulipoanzia. Kasanga ndiyo Bismarckburg ya Wajerumani. Leo umuhimu wake ni mwingine: saruji na nafaka hupakiwa hapo kuelekea Kongo na Burundi. Bandari kama hiyo ina maghala, na mahali penye maghala kandokando ya maji safi na milima haziadimiki akili za watu wenye fedha. Katika mazungumzo ya utalii husikika fikra ya kuligeuza ghala la ufukweni kuwa ukumbi wa kiwanda kidogo cha bia, mapipa yaonekane nyuma ya kioo na mgeni anywe akitazama jua likizama. Jambo hilo limefanywa katika miji mingi ya Ulaya na Marekani ambako bandari za zamani zimekosa kazi. Dublin, nchini Ireland, jengo la kuchachulia bia la kampuni ya Guinness lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita lilifunguliwa mwaka 2000 kuwa mahali pa wageni kutembelea, na watu hulipa kiingilio ili waelezwe habari za shayiri na maji.

Hatuipingi fikra hiyo kwa sababu tu ni ya pombe. Sheria za Jamhuri ya Muungano zinaruhusu vileo kwa leseni, na gazeti halina mamlaka ya kuharamisha kilichohalalishwa. Tunachouliza ni ghala hilo lilijengwa kwa kazi gani, na je, kazi hiyo imekwisha? Dublin jengo lilikuwa limeachwa. Rukwa hali ni tofauti. Katika miaka ya mavuno mema tumeona mahindi yakilala nje chini ya maturubai kwa kukosa paa, na Serikali ikaingia katika mpango wa vihenge vya kisasa kwa mkopo kutoka Poland ili kuongeza nafasi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Nchi inayokopa fedha kuongeza paa la nafaka haiwezi kuligawa paa lililopo kwa ajili ya glasi. Ndugu zetu wa Visiwani, ambao sehemu ya unga wao huvuka bahari kutoka Bara, wana haki ya kulisema hili kwa sauti.

Na wanalijua jingine. Mji Mkongwe umeona majengo ya ufukweni yakipata wenyewe wapya. Jengo la simu za chini ya bahari pale Shangani likawa hoteli katika miaka ya 1990. Mambo Msiige, baada ya malumbano makubwa, ikafunguliwa kuwa hoteli mwaka 2015. Yamepatikana matengenezo na kazi, hatukatai. Lakini mtoto wa Shangani aliyezoea kupita hapo akielekea pwani sasa hutazamwa na mlinzi. Wenzetu wa Kasanga wasifike hapo kabla hawajaulizwa.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo lililotukalia zaidi rohoni, la yule mama wa zamu. Historia ya Afrika inaonyesha kwamba mara nyingi pombe ya kienyeji ilipojengewa jumba rasmi, mpikaji alitolewa nje. Durban, Afrika Kusini, halmashauri ya mji ilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe kuanzia mwaka 1909, na mapato yakagharimia utawala wa kuwabana Waafrika wale wale. Nairobi iliiga utaratibu huo katika miaka ya 1920, pale Pumwani. Wanawake wa Natal waliandamana mwaka 1929, na mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor wakavamia majumba hayo kwa fimbo, kwa kuwa polisi walikuwa wakimwaga vyungu vyao huku manispaa ikiuza. Kwetu sisi wapika pombe hawakuwa watu wa pembeni katika siasa. Bibi Titi Mohamed alipokuwa akiwakusanya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kuanzia mwaka 1955, walikuwamo humo wa vikundi vya ngoma na walikuwamo wapika pombe. Chama hakikuwauliza wanauza nini. Kiliwauliza kama wako tayari.

Baadaye Azimio la Arusha liliipa Serikali hisa kubwa katika viwanda vya bia mwaka 1967, na mwaka 1993 udhibiti wa Tanzania Breweries ukaenda kwa wawekezaji kutoka Afrika Kusini. Katika nyakati zote mbili hatukumbuki siku ambayo mpika ulezi wa Ufipa alikaa katika kikao kinachoamua juu ya kileo. Anapokumbukwa, hukumbukwa na mgambo.

Hatutaki kuipamba pombe. Tuliona mchana mwanamume aliyeketi hapo tangu asubuhi, na msimu ulikuwa bado wa kuvuna. Tunajua kuwa fedha ya ulezi huishia kilabuni wakati sare ya mtoto haijanunuliwa. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 1, 2017, tuliunga mkono, na gongo tunailaani leo kama jana. Lakini pombe ya ulezi isiyo na maji safi ya kuoshea vyombo, isiyo na choo, isiyo na saa ya kufunga, haiboreki kwa kufukuzwa kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Rukwa na wa halmashauri zake waanze upande wa pili wa jambo hili. Kilabu cha mama kipatiwe bomba, choo na bati zima kabla mgeni hajajengewa kaunta ya mninga. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Vikundi vya wapika ulezi vinastahili kuomba bila kuficha kazi yao chini ya jina la ushonaji. SIDO iko tangu mwaka 1973 na inajua kutengeneza kinu na tangi. Shirika la Viwango lina maabara. Mkaguzi wa afya aje na kipimo, aache rungu nyumbani. Na saa za kufungua zisimamiwe kweli, hasa wakati wa kulima na kuvuna.

Likibaki jengo la ufukweni ambalo kweli halina nafaka ya kuhifadhi, na wanakijiji wakakubali katika mkutano wao, basi mkataba wake uandikwe kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na ndani yake umtaje anayenunua ulezi, kwa bei gani, na kutoka kwa nani. Mama tuliyezungumza naye alituambia ulezi wa msimu huu amekwisha kuupata, magunia mawili, na anayaweka chini ya kitanda chake kwa kukosa pengine pakavu.