Nyumba ya kupangisha Dodoma: mpangaji wako ni Serikali

Hapa Dodoma, wakikaa watu watatu wa rika langu haipiti nusu saa kabla maongezi hayajafika kwenye viwanja. Huyu kachukua mkopo wa mshahara ajenge vyumba sita Ng'ong'ona apangishe wanafunzi wa UDOM, yule anasaka kiwanja Ihumwa. Ukiuliza, jibu ni moja: ardhi haiozi. Jamani, mimi nina mashaka.

Tupige hesabu. Chukulia nyumba imekugharimu milioni 60, kiwanja kikiwemo, na unaipangisha laki tatu kwa mwezi. Ikiwa na mtu mwaka mzima ni milioni 3.6. Mpangaji akihama ikakaa tupu miezi miwili, ni milioni 3. Toa kodi ya zuio asilimia 10, toa dalali, fundi bomba na rangi. Ukibaki na milioni 2.2 mshukuru Mungu. Kwa mwendo huo fedha yako inarudi baada ya miaka 27, na hapo sijagusa riba ya benki. Hati fungani za Serikali za miaka 25 zilizotolewa mwaka 2022 zilikuwa na riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, na hati fungani haizibi choo.

Najua mtanijibu kwamba ardhi inapanda thamani. Imepanda, sikatai. Lakini iliyoipandisha ni kauli ya Serikali. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, CDA ikaundwa mwaka huohuo, halafu wizara zikabaki Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40. Aliyejenga miaka ya sabini akisubiri makarani wa wizara waje wapange, alisubiri mpaka akazeeka. Julai 2016 Magufuli akatangaza kuhama, Septemba Waziri Mkuu Majaliwa akawa ameshafika, watu wakaanza kugombania vyumba. Mei 2017 CDA yenyewe ikavunjwa, shughuli zake zikapelekwa manispaa. (Waliokuwa na mafaili yao pale wanajua nasema nini.)

Sidhani kama wizara zitarudi Dar. Tangu 2018 kuna sheria inayoitambua Dodoma kuwa makao makuu. Ninachosema ni kwamba mpangaji mkubwa wa mji huu ni mmoja, na hahitaji kuhama ili akuachie nyumba tupu. TBA wakiwajengea watumishi nyumba Nzuguni, NHC wakijenga Iyumbu, wateja wako wanapungua. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Mtumishi mwenye familia Dar sasa anaweza kuja Jumatatu na kurudi Ijumaa, na huyo atatafuta chumba kimoja, si nyumba nzima. UDOM nayo ikifunga kwa likizo ndefu, vyumba vya Ng'ong'ona vinabaki na mijusi, huku marejesho ya mkopo yanakatwa kwenye mshahara kama kawaida.

Halafu kuna maji. Mji huu unategemea sana visima vya Mzakwe, na mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Mpangaji mzoefu wa Dodoma akija kuona nyumba haanzi na vigae, anauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Simtanki, pampu na boza ni fedha ambazo wengi hawakuziweka kwenye zile milioni 60.