Fundi wa Trekta na Dhamana ya Msimu

Mvua zinapokaribia Endabash, mazungumzo ya wakulima huwa mamoja: trekta la nani ni zima, na zamu ya nani imefika. Udongo una siku zake. Ukikauka haulimiki, ukilowa kupita kiasi trekta linazama. Basi trekta la kukodi linaposimama shambani siku nne, aliyekwama si mwenye trekta peke yake, bali wote waliokuwa wakingoja zamu, na yule wa mwisho huenda akapanda mvua zikiwa zimekwisha kupungua.

Aghlabu linasimama kwa jambo dogo. Hewa imeingia katika bomba la dizeli. Chujio limeziba kwa vumbi, na vumbi la Karatu wakati wa kiangazi twalijua sote. Bolti za silinda hedi zilikazwa kwa kukisia. Kijana aliyeitwa kutengeneza hakukosa akili wala bidii. Alijifunza kwa miaka akimshikia fundi mkubwa spana, na alichokiona ndicho anachokijua. Kipimo cha kukaza bolti, au shinikizo la mafuta ya haidroliki, hayaonekani kwa macho. Yameandikwa katika kitabu cha trekta, nacho aghlabu ni cha Kiingereza, tena kilikwisha kupotea kabla trekta hilo la mtumba halijafika kwetu.

Imepokewa kuwa Ali bin Abi Talib aliwabebesha mafundi dhamana ya mali walizokabidhiwa, ili mali za watu zisipotee mikononi mwao. Mas-ala hiyo twaifundisha kwa mfano wa mshona nguo na mtia rangi. Hatujazoea kuifundisha kwa mfano wa pampu ya dizeli, na hapo sisi walimu tuna lawama yetu. Lakini utamdai vipi dhamana mtu ambaye hakuna aliyepata kumpima?

Kumpima kunawezekana. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, haiwahudumii wanafunzi wa vyuo tu. Ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini: hutazamwa akifanya kazi, huulizwa, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Kwa cheti hicho aweza pia kubisha hodi kwa wajenzi wa barabara, kwani injini ya greda na haidroliki ya buldoza si ngeni kwa aliyelielewa trekta vyema.

Mzazi anayedhani ufundi ni wa mtoto aliyeshindwa hesabu na amtazame fundi akipima uwazi wa valvu kwa sehemu za milimita.

Kwa hiyo twawaomba wenye matrekta, ambao hulipwa kwa kila eka, wachangie gharama ya fundi wao mmoja mmoja kwenda kupimwa. Twaiomba pia halmashauri ya Karatu iwaalike wakaguzi waje wilayani, badala ya kila kijana kujitafutia nauli ya kwenda Arusha. Wakati ni baada ya mavuno, matrekta yakiwa yameegeshwa na fundi hana kazi. Atakuwa amerejea kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini.