Benzi la harusi nalo husubiri mahindi

Mavuno ya masika yanapoingia ghalani kuanzia Julai, harusi nazo huongezeka Handeni na Korogwe. Kamati hukutana, michango hukusanywa, na swali la gari la maharusi halichelewi kuulizwa. Mfanyabiashara mdogo mwenye akiba huona nafasi hapo: anunue Mercedes-Benz ya zamani iliyolala chini ya mwembe, aifufue, aipe jina na kuikodisha.

Wazo hilo lina mantiki. Heshima ya Benzi katika Afrika Mashariki ni ya siku nyingi, kiasi kwamba baada ya uhuru wenye vyeo na fedha walibandikwa jina la "Wabenzi". Aina ya W123, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1986, ilitoka kwa mamilioni, na zile za dizeli zina injini ambayo fundi mzoefu huimudu bila kompyuta. Aidha, lami ya Korogwe hadi Handeni, kilometa 65, na ile ya Handeni hadi Mkata, kilometa 54, zimewezesha gari la chini kufika harusini bila kugonga sampo.

Kuagiza gari la umri huo kutoka nje ni jambo jingine. Lina ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT, na ushuru wa bidhaa unaopanda kwa sababu ya uchakavu. Nafuu ni gari lililokwisha kusajiliwa nchini, mradi kadi yake iwe halali na isiwe na madeni ya kodi.

Hesabu ya siku

Tuseme gari bovu limenunuliwa kwa Sh milioni 6, na injini, breki, bodi, rangi na viti vimekula Sh milioni 14. Mtaji ni Sh milioni 20. Likikodishwa kwa Sh 250,000 kwa siku, na dereva, mafuta na mapambo vikichukua Sh 90,000, zinabaki Sh 160,000. Bima, leseni na matengenezo ya mwaka tuyaweke Sh milioni 1.6.

Kwa harusi 40 kwa mwaka, mwenye gari anabaki na Sh milioni 4.8, na mtaji unarudi baada ya miaka minne na ushee. Harusi zikishuka hadi 20, kinachobaki ni Sh milioni 1.6, na mtaji unahitaji zaidi ya miaka 12 kurudi. Harusi zimepungua kwa nusu, lakini faida imepungua kwa theluthi mbili, kwa kuwa bima na leseni hazisubiri wateja.

Wanaopanga biashara hii wazingatie kalenda. Mwezi wa Ramadhani harusi husimama kwa Waislamu, ambao ni wengi katika wilaya hizi, na Kwaresima hupunguza za Wakristo. Miezi ya kilimo nayo huwa mikavu mfukoni.

Hatari kubwa zaidi ni ukame. Mkulima anayenunua gari ili asitegemee shamba peke yake anasahau kwamba wateja wake nao ni wakulima. Mvua ikikosekana, yeye hakuvuna na wao hawakuvuna. Harusi zinaahirishwa, na shamba na gari vinalala pamoja. Mtaji umegawanywa mara mbili, lakini hatari imebaki ileile.

Kazi ya jina

Njia ya kupunguza hatari hiyo ni kupata wateja wasiotegemea mahindi ya Handeni: watumishi na wafanyabiashara wa Tanga, Muheza, Lushoto na miji iliyo kando ya barabara kuu ya Segera. Wateja hao hawamjui mwenye gari. Wanachoweza kukisikia ni jina la gari.

Mwaka 1907 Claude Johnson, meneja wa Rolls-Royce, alilipaka gari moja rangi ya fedha na kulibandika kibao cha jina "Silver Ghost". Kisha likaendeshwa kwa majaribio zaidi ya maili 14,000, mara nyingi kati ya London na Glasgow, watu wakishuhudia uimara wake. Jina hilo baadaye likawa la aina nzima ya magari hayo. Kibao kilipata thamani kwa sababu gari lilifika kila lilikotumwa.

Kwa Korogwe, jaribio la namna hiyo lipo karibu: mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto. Benzi linalochemsha maji pale na bibi harusi ndani litaharibu jina lake kwa siku moja. Hivyo fedha za matengenezo zitangulie kwenye rejeta, breki na matairi, kisha rangi. Mwenye gari awe pia na makubaliano na mwenzake mwenye gari la akiba, ili siku ya hitilafu maharusi wasikwame.

Sheria nayo ina sehemu yake. Gari la kukodisha linapaswa kuwa na namba nyeupe za biashara, si za njano, na magari ya abiria ya biashara husimamiwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Likipata ajali kazini huku bima yake ni ya matumizi binafsi, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Jina la biashara husajiliwa BRELA, na anayetaka kulilinda lisitumiwe na wengine asajili pia alama ya biashara.

Kwa mwenye Sh milioni 20 leo, kipimo ni rahisi. Aorodheshe harusi ambazo angepata mwaka ambao mahindi yamekauka. Zisipofika 20, bora kwanza atafute ubia na mwenye gari aliyepo Tanga au Lushoto, na akiba yake ya mbegu aiache ilipo.